Jinsi ya kupanga muundo wa biashara inayokua: nani anaamua nini

Biashara ya watu watatu haihitaji chati ya muundo. Wanakaa chumba kimoja, wanasikiana, na jambo likiharibika kila mtu anajua limeharibikia wapi. Shida huanza watu wakifika kumi, kumi na tano. Mteja anapiga simu kuulizia mzigo wake, huyu anamjibu hivi, yule anamjibu vile. Ankara moja inalipwa mara mbili. Mwenye biashara akisafiri siku tatu, anarudi na kukuta mambo ishirini yakimsubiri, na nusu yake mtu yeyote pale ofisini angeweza kuyamaliza, ila hakuna aliyejua kama anaruhusiwa.

Hapo ndipo watu husema "sasa tunahitaji muundo". Mtu anafungua kompyuta, anachora visanduku, kila kisanduku kinapewa cheo kizito, chati inabandikwa ukutani, na Jumatatu inayofuata kazi inaenda vilevile kama zamani. Nimeliona hili mara nyingi, kiasi kwamba nikiingia mahali penye chati nzuri ukutani siisomi kwanza. Namuuliza mtu wa mapokezi: mteja akija leo analalamika na anataka arudishiwe pesa yake, nani anaamua? Jibu lake ndilo linalonieleza muundo wa kweli wa pale.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye maamuzi, na chati inakuja karibu na mwisho. Nitatumia mfano mmoja: kampuni ya uchapishaji yenye watu 14. Yupo mwenye kampuni, wapokea oda wawili, wabunifu wawili, waendesha mashine wanne, watatu wa kukata na kujalidi, mtunza stoo mmoja na mhasibu mmoja. Kwa sasa wote 13 wanamjibu mwenye kampuni. Biashara yako inaweza kuwa kliniki, karakana au shule. Badilisha majina ya kazi, hatua zinabaki zilezile.

Hatua ya 1: Fuata oda moja tangu mlangoni hadi mlangoni

Chukua daftari, sahau majina ya watu, fuata kazi moja halisi iliyomalizika wiki iliyopita. Tuseme ni oda ya vitabu 500. Mteja aliuliza bei: nani alipiga hesabu? Aliomba apunguziwe: nani alikubali? Mbunifu alitoa sampuli ya kurasa: nani alisema "iko sawa, chapeni", mteja au mtu wa ndani, na alisema kwa maandishi au kwa mdomo? Karatasi zilitoka stoo kwa idhini ya nani? Oda hii ilitangulia nyingine mashineni kwa uamuzi wa nani? Nani alikagua ujalidi kabla vitabu havijafungwa kwenye maboksi? Mteja alikuwa bado anadaiwa nusu ya malipo; nani aliruhusu mzigo utoke?

Andika kila hatua, kisha pigia mstari zile ambazo ndani yake mna uamuzi. Kukata karatasi ni kazi. Kuamua kwamba boksi lenye kurasa zilizofifia lirudi au lipite ni uamuzi. Kwa oda ya namna hii utapata maamuzi manane, tisa hivi. Sasa pitia kila mstari na wahusika, mmoja mmoja, bila kuwaweka pamoja, na uwaulize nani huamua. Mahali ambapo watu wawili wanakupa majina mawili tofauti, weka alama ya nyota. Mahali ambapo mtu anajibu "inategemea", weka nyota mbili. Nyota hizo ndizo kazi yako kwa muda wote uliobaki.

Usiharakishe hatua hii. Ukiiruka, hatua zote zinazofuata utazifanya kwa kukisia.

Tatizo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1855 Daniel McCallum alikuwa msimamizi mkuu wa reli ya New York and Erie nchini Marekani, njia yenye urefu wa karibu kilomita 800, yaani maili 500. Hoja yake ilikuwa kwamba reli ya maili 50 msimamizi anaweza kuiangalia kwa macho yake mwenyewe, kuwajua watu wake na kushughulikia kila jambo. Kwa reli ya maili 500 hilo haliwezekani, na utaratibu unaofaa kwa ile fupi utaiangusha ile ndefu. Akawapa wasimamizi wa kila kipande cha njia madaraka ya kuendesha kipande chao, na akawadai taarifa za mara kwa mara kwa telegrafu. Chati iliyochorwa kueleza mpango huo ina umbo la mti: bodi ya wakurugenzi na rais wako chini kabisa kwenye mizizi, na njia za reli zinapanda juu kama matawi. Naipenda chati hiyo kwa sababu inaonyesha wakubwa wakiibeba kazi kutoka chini.

Hatua ya 2: Weka kazi katika makundi

Zipo njia nne za kawaida. Unaweza kukusanya watu kwa fani (mauzo pamoja, uzalishaji pamoja, fedha pamoja), kwa bidhaa, kwa eneo, au kwa aina ya mteja. Kwa biashara ndogo yenye bidhaa zinazofanana, chagua fani na usonge mbele. Usipoteze wiki mbili ukijadili.

Fani huanza kukwama pale bidhaa zinapotofautiana sana. Kampuni ya DuPont ilikuwa ya baruti na vilipuzi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia iliingia kwenye rangi na kemikali nyingine, na mtu wa mauzo aliyezoea kuuza vilipuzi kwa migodi akajikuta anatakiwa kuuza rangi kwa watu wa kawaida. Hasara zikaja. Mwaka 1921 kampuni ilijipanga upya kwa bidhaa, kila tawi likiwa na mauzo yake na uzalishaji wake na likiwajibika kwa faida yake. Alfred Chandler, mwanahistoria wa biashara aliyeichunguza DuPont na nyingine za aina yake, alieleza mwaka 1962 kwamba muundo hufuata mkakati: kwanza kampuni hubadili inachokifanya, kisha mpangilio wa zamani unaibana hadi inalazimika kuubadili.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: mwaka ujao tutakuwa tunauza nini, kwa nani? Kampuni yetu ya uchapishaji itaendelea na vitabu, kalenda na mabango, kwa mashine zilezile. Fani inatosha.

Hatua ya 3: Kila mtu apate bosi mmoja

Hii ndiyo kanuni ninayoipigania kuliko zote, na ndiyo inayovunjwa kila siku. Henri Fayol, mhandisi wa migodi wa Ufaransa aliyeiongoza kampuni ya makaa na chuma kwa miaka 30, tangu 1888 hadi 1918, aliiweka miongoni mwa kanuni zake 14 za uongozi alizozichapisha mwaka 1916: mfanyakazi apokee amri kutoka kwa mkubwa mmoja tu. Mmarekani Frederick Taylor alikuwa na wazo tofauti. Alitaka mfanyakazi mmoja awe na wasimamizi hadi wanane, kila mmoja kwa fani yake: huyu wa kasi, yule wa matengenezo, mwingine wa ukaguzi. Fayol alimheshimu Taylor lakini jambo hili alilikataa waziwazi. Wahenga nao walishasema, manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Tazama kinachotokea mashineni. Mwendesha mashine yuko katikati ya kuchapa kalenda. Mpokea oda anakuja mbio: "Ndugu yangu, nisaidie, mteja wa mabango yuko pale nje, tumwekee yake kwanza." Anasimamisha. Anaosha rola, anabadili pleti, anapitisha karatasi za majaribio mpaka rangi ikae sawa, na zile za mwanzo zote zinatupwa. Dakika arobaini baadaye anapita mwenye kampuni: "Kalenda vipi? Si nilisema zitoke leo?" Sasa anarudi nyuma, anaosha tena. Jioni oda zote mbili zimechelewa, na anayelaumiwa ni mwendesha mashine, ambaye alitii kila mtu.

Dawa yake: teua msimamizi wa uzalishaji kutoka miongoni mwa waendesha mashine, na iwe marufuku kwa mtu mwingine kugusa foleni ya oda. Mpokea oda mwenye dharura aende kwake. Kwa mwenye kampuni hapa ndipo pagumu, maana anaona mashine ni zake na anayeiendesha ni mtu wake wa miaka mingi. Lakini siku ukipita kiwandani ukaagiza kitu moja kwa moja, umemvua msimamizi wako madaraka mbele ya watu wake, na itakuchukua miezi kumrudishia. Jizoeze sentensi moja: "Nimekusikia, mwambie msimamizi wako." Na ukiona hatari ya mtu kuumia, simamisha mashine hapohapo; hilo halina foleni.

Bosi mmoja hakumaanishi watu wa idara mbili wasisemezane. Fayol mwenyewe aliliona hilo. Alichora ngazi mbili zinazokutana juu kwa A. Upande mmoja unashuka kutoka B hadi G, wa pili kutoka L hadi Q. F akiwa na jambo na P, kwa kufuata ngazi atapanda E, D, C, B hadi A, kisha barua ishuke L, M, N, O hadi P, ikisimama kila kituo, na jibu lirudi njia hiyohiyo. Akapendekeza daraja: F na P wazungumze moja kwa moja, ilimradi wakubwa wao wameruhusu na wanaarifiwa waliyokubaliana. Mbunifu na fundi wa kujalidi wana haki ya kukubaliana juu ya upana wa pambizo bila kupitia kwa mtu yeyote. Wakishindwana, hapo ndipo jambo lipande.

Hatua ya 4: Hesabu walio chini ya kila msimamizi

Mwaka 1933 mshauri wa uongozi V. A. Graicunas alitoa hesabu ya uhusiano unaoweza kumhusu msimamizi: yeye na kila mtu, yeye na kila kundi, na watu wao kwa wao. Watu wanne walio chini yake wanazaa uhusiano 44. Ongeza mmoja, unafika 100. Sita, 222. Ukiipeleka hesabu hiyo kwa watu 13 wa mwenye kampuni yetu, unapata 53,404. Si kwamba yote hayo yanajitokeza kila siku, na hesabu hii usiichukue kama sheria. Inakuonyesha tu kwa nini mtu mmoja wa nyongeza huchosha kuliko unavyotarajia.

Idadi inayofaa hutegemea kazi. Watu saba wanaofanya kazi ya aina moja, chumba kimoja, kila siku vilevile, mtu mmoja anawamudu. Watu wanne wa fani nne tofauti wanaweza kumjaza kikombe. Na ngazi zisizidi mahitaji: kila ngazi unayoongeza ni mahali pengine pa habari kuchelewa na kupotoshwa.

Kampuni yetu inakaa hivi. Chini ya mwenye kampuni wawe wanne: msimamizi wa uzalishaji, mwenye watu sita (waendesha mashine watatu waliobaki na watatu wa kujalidi); mkuu wa mauzo, aliyetoka kwa wapokea oda, mwenye watu watatu (mpokea oda mwenzake na wabunifu wawili); mhasibu; na mtunza stoo. Mtu atauliza, mtunza stoo kwa nini asiwe chini ya uzalishaji? Kwa sababu uzalishaji ndio unaotumia karatasi. Anayetumia akiwa bosi wa anayetunza, upungufu hautaonekana hadi rafu ziwe tupu.

Hatua ya 5: Kasimu madaraka, na uyawekee mipaka

Rudi kwenye daftari la nyota. Kila nyota sasa ipate jina la cheo kimoja na mpaka wake. Karatasi yako itasomeka hivi:

- Punguzo la bei: mkuu wa mauzo hadi asilimia 5, zaidi ya hapo, mwenye kampuni.
- Kuidhinisha sampuli: mteja, kwa saini, mbunifu hapeleki faili mashineni bila saini hiyo.
- Oda ipi itangulie: msimamizi wa uzalishaji. Mauzo wanaomba, hawaamuru.
- Kusimamisha mashine kwa kasoro: mwendesha mashine yeyote, papo hapo, bila kuomba ruhusa.
- Mzigo kutoka kabla malipo hayajakamilika: mwenye kampuni peke yake, kwa maandishi.
- Kununua karatasi: mtunza stoo anaomba, mwenye kampuni anaidhinisha, mhasibu analipa.

Huo mstari wa kusimamisha mashine huwashtua wengi. Lakini Toyota walijenga sifa yao juu ya jambo la aina hiyo: mfanyakazi akiona kasoro anavuta kamba, msaada unakuja, na tatizo lisipotatuliwa kwa wakati mstari wa uzalishaji unasimama. Aliye karibu na kosa analiona mapema, na kulizuia hapo ni rahisi kuliko kulirekebisha vitabu vikiwa tayari mikononi mwa mteja.

Ukimpa mtu kazi, mpe na madaraka yanayolingana nayo. Msimamizi anayedaiwa oda zitoke kwa wakati, lakini hawezi kupanga nani afanye kazi ya ziada Jumamosi, umemtwika mzigo na kumfunga mikono. Na ukishakasimu, wewe bado unawajibika. Huwezi kumwambia mteja "hilo muulize msimamizi wangu".

Atakosea, na mapema. Mkuu wa mauzo atatoa asilimia 5 kwa mteja ambaye wewe usingempa hata moja. Ukitengua uamuzi wake mbele ya mteja, wiki ijayo wateja wote watakuja kwako moja kwa moja na mkuu wa mauzo atageuka karani. Uache uamuzi usimame. Baadaye, mkiwa wawili, mwulize aliona nini hadi akaamua vile. Pengine anajua jambo la mteja huyo usilolijua. Kama hakuwa na sababu, kaza mpaka: punguzo kwa oda zinazozidi kiasi fulani tu.

Hatua ya 6: Fedha isipite mkono mmoja

Mtu mmoja asiwe na mambo haya yote pamoja: kuidhinisha malipo, kushika pesa, kuandika kwenye vitabu vya hesabu, na kulinganisha vitabu hivyo na taarifa ya benki. Mwenye yote manne anaweza kukosea au kuiba, kisha akaliandika kosa lenyewe lionekane sawa. Hili halihusu kumshuku mhasibu wako. Linamlinda pia, kwa sababu pesa zikipungua kuna njia ya kuonyesha kwamba hakuhusika.

Kampuni ndogo husema haina watu wa kutosha. Wa kutosha wapo. Mhasibu aandike, mwenye kampuni aidhinishe kila malipo, pesa taslimu za siku zipokelewe na mtu wa mauzo kwa risiti zenye namba mfululizo, na taarifa ya benki iende kwa mwenye kampuni moja kwa moja kabla mhasibu hajaiona. Mara moja kwa mwezi, akae na taarifa hiyo na kitabu cha fedha, saa moja tu. Na mhasibu aende likizo kweli, wiki mbili mfululizo, mtu mwingine akikaimu. Udanganyifu mwingi unahitaji mwenyewe awepo kila siku kuuficha.

Hatua ya 7: Sasa chora chati, na uandike maelezo ya kazi

Itakuchukua nusu saa, maana kazi yote umeshaifanya. Visanduku vibebe vyeo, majina yaandikwe kwa penseli. Kila kisanduku kiwe na mstari mmoja tu unaopanda. Weka tarehe.

Maelezo ya kazi yasizidi ukurasa mmoja: anamjibu nani, anasimamia nani, anaamua nini bila kuuliza, matokeo gani yatapimwa, nani anakaimu asipokuwepo. Hicho cha mwisho husahaulika sana.

Hatua ya 8: Panga vikao vichache vyenye kazi

Kila asubuhi, dakika kumi, wamesimama mbele ya ubao wa oda: nini kinatoka leo, nini kimekwama. Kila wiki, mwenye kampuni na wale wanne. Kila mwezi, namba: oda zilizochelewa, karatasi zilizoharibika, madeni ya wateja. Muhtasari wa kikao uwe na safu tatu, yaani jambo, mhusika na tarehe, na kikao kinachofuata kianze kwa kuusoma. Jambo lisilo na mhusika mmoja lisiandikwe kana kwamba limekubaliwa. Jadilini hadi apatikane.

Hatua ya 9: Ondoka uone

Baada ya miezi mitatu, mwenye kampuni aage, asiwepo wiki mbili. Simu iwe wazi, lakini kila anayempigia aandike swali lake kwenye daftari moja lililowekwa mapokezi: tarehe, swali, na kwa nini hakulimaliza mwenyewe.

Ukirudi, usianze kwa kuuliza nani aliharibu. Chukua daftari hilo na ile karatasi ya maamuzi, uziweke bega kwa bega. Swali lililoulizwa kwa sababu halimo kwenye karatasi, liongeze, lipe mwenye nalo na mpaka. Swali lililomo tayari lakini bado likakufikia, kaa na aliyeuliza: ama hakuamini kwamba utamwacha aamue, ama mpaka wake ni mdogo mno kwa kazi aliyopewa. Rekebisha, badilisha tarehe ya chati, bandika mpya, toa ya zamani ukutani, na upange tarehe ya kuondoka tena.